UZI: Benki imetangaza mnada wa ardhi ya rehani Uganda. Hoja zipi zinasimama mahakamani, zipi zinaanguka?

KalamuJinja
Wakuu, magazeti ya Kampala hayaishi matangazo ya nyumba na viwanja vya rehani, na watu hawaishi kukimbilia mahakamani siku mbili kabla ya mnada wakiwa na hoja moja: riba imezidi na benki inataka kuuza kwa bei ya kutupa. Hoja hiyo ikisimama peke yake haizuii mnada. Kinachozuia kiko kwenye karatasi: notisi, ridhaa ya mwenzi, uthamini, tangazo. Na kinazuia pale tu mwenye ardhi anapoanza mapema.

Kwanza futa kichwani namba za majirani. Ukitafuta habari hizi kwa Kiswahili utakutana na Kenya, ambako notisi ya kwanza ni miezi mitatu na ya kuuza ni siku 40, au Tanzania yenye siku 60. Kwetu tuna Sheria ya Rehani ya 2009 na Kanuni za Rehani za 2012, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Ukishindwa kulipa, benki inakuandikia notisi ya kukutaka urekebishe ndani ya siku 45 za kazi (kifungu cha 19). Zikipita bila kulipa, inakupa notisi ya kuuza, na haiwezi kukamilisha mkataba wa mauzo mpaka siku 21 za kazi zipite tangu uipokee (kifungu cha 26).

Ni siku za kazi, kwa hiyo Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. 45 ni wiki tisa kamili, na Idd au Pasaka ikiangukia katikati zinasogea mbele. 21 ni wiki nne na siku moja. Jumla ni siku 66 za kazi, yaani miezi mitatu hivi. Chukua kalenda, weka alama siku uliyosaini kupokea kila notisi, uhesabu kwa kidole. Notisi ya kuuza ikitolewa siku ya 40 badala ya baada ya 45, hapo una hoja.

Angalizo kwa wanaoandika hati: katika toleo jipya la sheria lililoanza kutumika 2024, Sheria ya Rehani ni Sura ya 239 na namba za vifungu zimesogea. Mimi natumia namba za 2009 kwa sababu ndizo zimo kwenye hukumu nyingi. Hati yako ya leo iandike kwa namba mpya.

BintiArua
Asante kaka. Na tangazo la gazetini linaingia wapi? Benki nyingi zinatangaza hata kabla siku 21 hazijaisha. Hilo si kosa?

KalamuJinja
Dada, peke yake si kosa. Sheria inakataza kukamilisha mauzo kabla ya siku 21 kwisha, haikatazi kutangaza. Lakini tangazo lina masharti yake kwenye kanuni ya 8. Liwe kwenye gazeti linalosomwa na wengi, tarehe ya mnada isiwe chini ya siku 30 tangu tangazo la kwanza, liwe na picha ya rangi ya mali, lieleze mali iko wapi na mnada utafanyika wapi.

Kata ukurasa mzima wa gazeti, wenye tarehe juu. Usipige picha kipande cha tangazo tu. Kisha linganisha namba ya bloku na kiwanja na ile ya hati yako. Kukosea tarakimu moja ya kiwanja ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wanunuzi waliitwa kuangalia ardhi nyingine.

DeskiYaMadeni
Niongeze kutoka upande wa wanaodai, kwa sababu watu huingia mahakamani bila kujua faili la benki lina nini. Lina mkataba wa mkopo, hati ya rehani yenye muhuri wa msajili, taarifa ya akaunti, nakala ya kila notisi na ushahidi wa kuifikisha: saini yako, risiti ya posta, au kiapo cha aliyeipeleka. Mara nyingi lina pia barua zako mwenyewe. "Naomba miezi miwili nilipe milioni 40" ni barua inayokiri deni na kukiri kwamba notisi ilikufikia. Ukiandika kuomba muda, andika juu kabisa "bila kuathiri haki zangu" na usitaje kiasi usichokubaliana nacho.

Tena, ukihama sanduku la posta au ofisi bila kuiarifu benki kwa maandishi, notisi iliyopelekwa kwenye anwani ya mkataba inahesabika imekufikia. Hoja ya "sikuipata" hufa hapo hapo.

Makosa ya benki yenyewe yanajirudia. Barua ya "lipa ndani ya siku 14" inahesabiwa eti ndiyo notisi ya siku 45. Notisi mbili zinafungwa kwenye barua moja. Notisi haisemi kosa ni lipi na kiasi gani hasa. Nakala ya notisi ya kuuza haimfikii mwenzi wa ndoa wala mdhamini. Na uthamini unakuwa umechakaa.

MthaminiMbarara
Hapo kwenye uthamini naomba nikae kidogo, maana ndipo mabishano ya bei yanapopata miguu.

Kanuni ya 11 inaitaka benki ithamini mali kabla ya kuuza, na ripoti isiwe na umri unaozidi miezi sita siku ya mauzo. Ripoti inatoa bei mbili: bei ya soko, na thamani ya mauzo ya lazima, ambayo ni kile kinachotarajiwa kupatikana kwa kuuza haraka. Hiyo ya pili huwa chini sana. Mtu akiona nyumba aliyoijenga kwa milioni 400 imeandikiwa 260 anadhani mthamini amehongwa. Si lazima iwe hivyo.

Kabla ya kulalamika soma ripoti yenyewe. Tarehe ya ukaguzi ni ipi? (Ya ukaguzi, siyo ya saini.) Mthamini aliingia ndani au alitazama kutoka barabarani? Picha ni za jengo lako la leo au za wakati wa kuomba mkopo, kabla hujaongeza ghorofa? Ukubwa wa ardhi unalingana na hati? Aliandika kuna wapangaji au wenye vibanja (wakazi wanaomiliki vipande vyao juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine)? Mauzo aliyolinganisha nayo ni ya mtaa huo huo? Kiwanja cha mtaa wa Bugolobi hakipimwi kwa bei za mtaa wa Kireka. Ukiona dosari, ajiri mthamini aliyesajiliwa atoe ripoti yake, uiambatanishe na kiapo. Jaji hana la kufanya na maneno "bei ni ndogo", lakini ripoti mbili zinazopishana kwa sababu zinazoonekana anaweza kuzifanyia kazi.

Usimfungie mthamini wa benki geti. Kanuni zinakutaka umruhusu aingie. Ukimzuia atathamini kwa nje, na hutasikilizwa ukilalamika kwamba hakuona ndani.

MzeeWaKasese
Vijana, mbona hamjagusa asilimia 30? Ndiyo inayowatoa watu mchezoni.

KalamuJinja
Kweli mzee. Kanuni ya 13 inaipa mahakama uwezo wa kuahirisha au kusimamisha mnada kwa ombi la mweka rehani, mwenzi wake, wakala wake au yeyote mwenye maslahi, kukiwa na sababu ya msingi, na kwa kuweka dhamana ya asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya lazima au ya deni lililobaki. Mwenzi wa ndoa akiwa ndiye mwombaji, mahakama inaamua kama naye alipe au asilipe.

Tazama hilo neno "au". Tuchukue deni la milioni 180 na thamani ya mauzo ya lazima ya milioni 260. Asilimia 30 ya thamani ni milioni 78. Asilimia 30 ya deni ni milioni 54. Tofauti ni milioni 24, na wakili asiyeiomba mahakama itumie kipimo cha chini anakuachia mzigo wa bure. Deni likiwa limekua kuliko thamani ya mali, geuza hesabu.

Je, asilimia 30 ni lazima kila mara? Majaji hawajawa na sauti moja. Wapo wanaoitaka kwa kila anayetaka kuzuia mnada wa rehani. Wapo wanaoona haimhusu anayesema rehani yenyewe ni batili tangu mwanzo: mwenzi ambaye hakuridhia, au mwenye ardhi ambaye saini yake ilighushiwa. Kwa hiyo kama hoja yako ni ya ubatili, iwe ya kwanza kwenye kiapo na iwe na ushahidi. Kama hoja yako ni kutaka muda tu, nenda na fedha, au na ahadi ya kuziweka kwa tarehe uliyotaja. Ukipewa amri kwa sharti la kuweka fedha na siku ikapita bila kuweka, amri haikulindi tena na benki inaendelea.

DeskiYaMadeni
Na mnada ukiahirishwa zaidi ya siku 14, tangazo jipya linahitajika. Hapo nasi huwa tunajikwaa.

BintiArua
Kwenye ridhaa ya mwenzi naona watu wanachanganya mambo. Kaka, fafanua. Mke akisema "sikusaini", inatosha?

KalamuJinja
Haitoshi, dada, ila ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ikiwa na miguu. Vifungu vya 5 na 6 vinahusu nyumba ya familia. Rehani juu yake haisimami bila ridhaa ya mwenzi, na ni wajibu wa benki kuchukua hatua za kutosha kujua kama mkopaji ana ndoa na kama hapo ndipo familia inapoishi. Ridhaa inayotakiwa ni ya mtu aliyeelewa: mwenzi aelezwe masharti mbele ya mtu huru, asaini hati yenye shahidi kwamba amepata ushauri huru. Sheria ya Ardhi nayo inadai ridhaa kwa ardhi ya familia, ikiwemo shamba linalowalisha.

Utakachothibitisha ni vitu viwili, ndoa na makazi. Kwa ndoa, leta cheti, na kama ni ya kimila leta ushahidi wa mahari na wazee waliokuwepo. Kuishi pamoja miaka 20 bila ndoa Uganda hakukufanyi mke wala mume kisheria, na kesi nyingi zinakwama hapo. Kwa makazi, barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), bili za umeme na maji, rekodi za shule za watoto. Nyumba ya kupangisha Ntinda haigeuki nyumba ya familia kwa sababu tu ina jina la mume.

Kama mume aliapa kwamba hana mke, benki itakionyesha kiapo hicho. Swali litakuwa: je, ilienda kwenye nyumba? Ilimwuliza LC1? Ripoti ya mthamini iliyosema "anaishi mwenye nyumba na familia yake" inaweza kuwa ndiyo inayoiumbua benki. Na kama saini ya mwenzi ni ya kughushi, iombe mahakama iagize hati halisi zipelekwe kwa mtaalamu wa maandishi. Nakala ya fotokopi haisaidii sana.

MzeeWaKasese
Na ardhi iliyowekwa rehani kwa hati ya uwakilishi? Watu wengi wanampa ndugu hati ya ardhi "akakopee biashara".

KalamuJinja
Mzee, hapo kuna hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2007, Fredrick Zaabwe dhidi ya Orient Bank na wenzake. Aliyepewa uwakilishi aliweka ardhi rehani kwa mkopo wake mwenyewe. Mahakama ilisema uwakilishi ni wa kutenda kwa niaba na kwa faida ya mwenye mali, ikaangalia pia kasoro za namna hati ya rehani ilivyosainiwa na kushuhudiwa, na rehani ikaanguka pamoja na mauzo yaliyofuata. Kwa hiyo soma hati ya uwakilishi neno kwa neno. Inaruhusu kukopa? Inaruhusu kuweka rehani? Kwa deni la nani? Kama iliandika wazi kwamba ndugu aweke ardhi rehani kwa mkopo wake yeye, na ulisaini ukijua, hukumu hiyo haikuokoi.

BintiArua
Sasa hatua zenyewe. Mtu ameona tangazo leo, mnada ni baada ya siku 30. Afanye nini?

KalamuJinja
Siku hiyo hiyo aandike barua benki kuomba taarifa kamili ya akaunti, nakala ya rehani, notisi zote na ripoti ya uthamini, apate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Siku inayofuata aende ofisi ya kanda ya wizara ya ardhi inayohusika (Wakiso, Mukono, Jinja, Mbarara, Gulu, Arua, kokote hati iliko) afanye upekuzi wa daftari la hati. Usishangae kukuta rehani imesajiliwa kwa kiasi tofauti na unachodaiwa, au kuna rehani ya pili.

Wiki ya kwanza isiishe bila wakili kushika faili. Kinachofunguliwa si karatasi moja. Kuna hati ya madai yenye kesi yenyewe, ombi la zuio mpaka kesi iishe, na ombi la amri ya dharura ya kushikilia hali mpaka ombi la zuio lisikilizwe. Zuio bila kesi nyuma yake halina pa kusimama. Hakimu Mkuu anaishia kesi za thamani ya shilingi milioni 50, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kukosea mahakama kunakula wiki ambazo huna.

Kwenye zuio mahakama inafuata vipimo vya Kiyimba Kaggwa dhidi ya Haji Katende, 1985: una kesi yenye hoja ya kusikilizwa? Utaumia kiasi ambacho fidia haiwezi kuponya? Mizani ya usumbufu inaegemea wapi? Kipimo cha pili ndicho kinachowaangusha waweka rehani. Majaji husema ukishaweka ardhi rehani umekubali kwamba ina bei, basi fidia inatosha. Kuandika "nina uchungu na ardhi ya babu" hakujibu hilo. Makaburi ya familia, watoto wanaoishi hapo, mwenzi ambaye hakukopa: hayo andika kwa ushahidi.

Amri ikitoka usikae nayo. Dalali apewe nakala mkononi, mwenyewe, kabla ya mnada, na aliyeipeleka aape kiapo siku hiyo hiyo. Wapo wanaopeleka benki makao makuu tu. Dalali huko Mbale anaendelea kugonga nyundo kwa sababu hajui lolote, na mahakama haizuii jambo lililokwisha kufanyika.

MthaminiMbarara
Wengine hushauri kugawa nakala za kesi kwa wanunuzi pale mnadani ili baadaye wasijifanye hawakujua. Inasaidia?

KalamuJinja
Inasaidia kidogo, na watu wanaitia chumvi. Kifungu cha 29 kinamlinda mnunuzi. Mauzo yanatenguliwa kwa ulaghai, upotoshaji au mwenendo mwingine usio wa uaminifu wa benki, ambao mnunuzi aliujua au alipaswa kuujua. Kumjulisha kwamba kuna kesi si sawa na kumjulisha kwamba kuna ulaghai. Na tangu Kampala Bottlers dhidi ya Damanico inajulikana kwamba ulaghai unaomwangusha aliyesajiliwa lazima umguse yeye mwenyewe, na unathibitishwa kwa kiwango cha juu kuliko kesi ya kawaida ya madai. Barua yenye maelezo mahususi ("mwenzi hakuridhia, saini ni ya kughushi, ripoti ya mtaalamu hii hapa") ina uzito. Karatasi inayosema "kuna kesi" tu, haina. Basi nguvu zako ziweke kabla ya nyundo.

DeskiYaMadeni
Wanunuzi nao wasome hapa. Ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa hati, hasa Buganda) yenye wenye vibanja ikinunuliwa mnadani, wale watu wanabaki. Kwa mabadiliko ya Sheria ya Ardhi ya 2010, mkazi halali haondolewi ila kwa kutolipa busuulu (kodi ya ardhi anayomlipa mwenye hati), na kwa amri ya mahakama. Bei iliyokuvutia ilikuwa ndogo kwa sababu hiyo. Nenda kiwanjani, zungumza na LC1, hesabu nyumba zilizopo kabla hujainua mkono. Na uweke pembeni asilimia 1.5 ya ushuru wa stempu wa kuhamisha hati.

MzeeWaKasese
Kwa hiyo njia iliyo bora kwa mwenye deni ni ipi, kama karatasi za benki ziko sawa?

DeskiYaMadeni
Auze mwenyewe, mzee, ndani ya zile siku 45. Mnada ndiyo njia ya kawaida, lakini mauzo ya makubaliano yanaruhusiwa mwenye mali akiridhia, na benki nyingi zinayapenda kwa sababu hayaleti kesi. Leta mnunuzi na barua yake ya bei, benki iandike kiasi cha kufuta deni kwa tarehe fulani, fedha zilipwe moja kwa moja benki, nayo itoe hati ya kufuta rehani siku hiyo. Kwenye mfano wa Kalamu, ukiuza kwa milioni 350 na deni ni 180, unabaki na 170 kabla ya gharama. Mnadani kwa 260 unabaki na 80, na hapo bado hujakatwa kamisheni ya dalali, matangazo na mawakili. Kama huna mnunuzi, omba upangaji upya wa mkopo kwa maandishi ukiwa na mtiririko wa mapato unaoonekana, au benki nyingine ichukue deni.

Kasoro ya notisi ikikushindia kesi, deni halijafutika. Benki inaanza notisi upya na riba inaendelea kupanda.

BintiArua
Na wakopeshaji binafsi? Wengi hawaandiki rehani. Wanakusainisha mkataba wa kuuza ardhi na fomu za kuhamisha hati siku unapochukua fedha.

KalamuJinja
Hilo ni tatizo kubwa na linastahili uzi wake. Kwa kifupi, mahakama inaweza kuangalia nyuma ya karatasi: kama kulikuwa na mkopo, riba na tarehe ya kurudisha, basi ile "mauzo" ni dhamana tu, na mkopeshaji hawezi kujimilikisha ardhi. Tunza ujumbe wa simu, risiti za malipo ya riba, chochote kinachotaja mkopo. Uliza leseni yake pia: tangu sheria ya 2016 anatakiwa awe nayo.

MzeeWaKasese
La mwisho. Mnada umeshapita na hakuna ulaghai. Kuna kilichobaki cha kudai?

DeskiYaMadeni
Kipo, na watu wanakisahau. Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayowezekana, na ikikiuka unadai fidia hata kama ardhi imeshakwenda. Pia iandikie barua kuomba hesabu ya mauzo: bei iliyogongewa, kamisheni ya dalali, gharama za matangazo na mawakili kwa risiti, deni lililolipwa na tarehe riba iliposimama. Baada ya kulipa gharama, deni na rehani nyingine kama zipo, ziada ni yako. Kama fedha hazikutosha, benki inaweza kukudai salio, kwa hiyo hesabu hiyo unaihitaji kwa vyovyote. Na kuondolewa kwenye nyumba kuna utaratibu wake, yakiwemo maelekezo ya Jaji Mkuu ya 2021 kuhusu kuhamisha watu kwenye ardhi. Wakija vijana wa dalali usiku kuvunja milango bila karatasi yoyote, piga simu polisi na mwite mwenyekiti wa LC1 aandike anachokiona.